Taili Haizuii Maji, na Fundi Wako Anajua

Wacha niseme hii mapema, ndio kama ni kukasirika ukasirike ukiwa bado na chai mkononi. Bafu yenu inavuja kwa sababu kuna mtu alitumia wiki tatu kuchagua rangi ya taili na dakika tatu kuchagua kitu cha kuzuia maji. Na kama bado haijaanza kuvuja, ngoja tu.

Naandika hii nikiwa nimekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, gorofa ya juu, kwa nyumba ya mathe kule Ruiru. Kucha zangu ziko na simiti ambayo imekataa kutoka. Nimekuwa nikivunja taili siku nne. Taili nzuri, nyeupe, zenye kumetameta, zile mathe alikuwa anaonyesha wageni kabla hata hawajakaribishwa chai. Mama ameuza mitumba Gikomba miaka na miaka, akachukua mkopo wa chama, akajenga. Hiyo bafu ya juu ndiyo ilikuwa zawadi yake kwake mwenyewe. Kwa hivyo nikisema nimekasirika, muelewe siongei juu ya taili.

Miezi minane baada ya kuhamia, dari ya sebuleni ikaota doa la kahawia. Likakua mpaka likafanana na ramani ya Kongo. Fundi akaitwa. Akaangalia juu, akaguna, akasema, "Mama, usijali, hiyo ni grauti tu." Akakwangua grauti, akajaza mpya, akapaka silikoni kwa kona, akalipwa ngiri mbili akaenda. Baada ya miezi miwili ramani ilikuwa imemeza Angola.

Hapo bado tulikuwa tunachekelea. Kicheko kiliisha siku kasista kangu kalitoka bafuni kakilia kwamba bomba linamdunga. Nyumba nyingi hapa zinatumia shawa ya stima, ile inapasha maji papo hapo juu ya kichwa chako, kwa stima ya volti 240. Fundi wa stima alipofungua swichi, maji yalidondoka kutoka kwa paipu ya nyaya ndani ya ukuta. Akatuambia ethi pia haikuwa imeunganishwa. Makosa mawili yalikutana juu ya mtoto wa miaka kumi na moja aliyelowa maji. Alikuwa na bahati. Mimi siku hiyo sikulala.

Sasa rudi kwa ukuta. Nilipong'oa taili ya kwanza, plasta nyuma yake ilikuwa laini kama ugali wa mtu mvivu. Harufu, usiulize. Nyuma ya plasta ni mawe ya Ndarugu, na hayo mawe mnayajua, yanakunywa maji kama mkate kwa chai. Kati ya taili na jiwe nilitafuta kitu cha kuzuia maji. Hakukuwa na kitu. Chini, pale bomba la kutoa maji linapita kwenye slabu, nilikuta shimo limezibwa na karatasi ya mfuko wa simiti. Karatasi! Juu yake simiti kidogo, juu yake taili ya bei.

Tuanze na uongo mkubwa, kwamba bafu ikishawekwa taili imefungwa. Sikatai, taili yenyewe maji hayapiti. Zile za porcelaini zinafyonza maji chini ya nusu ya asilimia moja ya uzito wao. Lakini ukuta wako sio taili moja. Ni taili mia na kitu, na kati yao kuna mistari ya grauti, na grauti ya kawaida ni simiti yenye vitundu vidogo sana. Maji yanapita polepole kila mtu akioga. Gundi ya taili iliyo nyuma pia haikutengenezwa kuzuia maji, kazi yake ni kushika. Taili na grauti ni koti la mvua lenye vifungo vyote wazi. Kitu cha kuzuia maji lazima kiwe utando mzima, chini ya gundi, kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa cha shawa, bila kukatika mahali. Fundi aliyeanika taili kwa kazi yake miaka kumi anajua hii. Muulize faraghani.

Uongo wa pili ndio unaniuma zaidi kwa sababu unauzwa kwa pakiti. Ule unga. Mnaujua, ule wa kilo moja unaochanganywa na simiti ya plasta, kila hadiwea iko nao karibu na misumari. Niliuliza kwa hadiwea tatu, "Nataka kuzuia maji kwa bafu," na mara tatu nikapewa unga kabla sijamaliza sentensi. Sisemi ni feki. Unafanya kile kimeandikwa: unapunguza maji yanayopenya ndani ya simiti. Shida ni kwamba simiti haivuji sana pale ilipo nzima. Inavuja inapopasuka. Na nyumba mpya inatulia, slabu inanyauka kidogo, ukuta na sakafu vinasukumana pale vinapokutana, na plasta ni ngumu, haina namna ya kunyooka. Ufa wa upana wa unywele ukitokea, unga wako wote uko pande mbili za ufa na maji yanapita katikati bila hata kubisha hodi. Ndani ya plasta yetu unga ulikuwepo. Nilipata pakiti zake tupu nyuma ya tangi. Nyufa pia zilikuwepo, kwa kona, palepale nilipozitarajia.

Halafu kuna timu ya lami. Jirani yetu mmoja, mzee ninayemheshimu sana, alikuja akasimama mlangoni akaniambia, "Kijana, paka lami, maliza." Nikamjibu, "Shikamoo mzee, lakini hapana." Lami inafanya kazi nzuri juu ya paa la slabu na kwa msingi. Ila ndani ya bafu, gundi ya taili ya simiti haishiki vizuri juu ya lami. Sakafuni unaweza kuizika chini ya skridi ya sentimita nne au tano, sawa, lakini sasa sakafu ya bafu yako iko juu kuliko korido na maji yanakuja kulala na nyinyi chumbani. Ukutani huwezi hata hiyo. Na zile roli za lami za kuchomwa kwa moto wa gesi, ndani ya chumba cha mita moja kwa kitu, na mabomba ya plastiki kila upande? Tafadhali.

Kwa hivyo kwa mtu anayejifanyia mwenyewe zimebaki njia tatu za ukweli. Hapa ndipo watu wanagombana, na hapa ndipo nina upande.

Ya kwanza ni utando wa shuka, karatasi ya plastiki yenye nyuzi pande zote mbili inayobandikwa kwa gundi ya taili. Nitasema ukweli hata kama sio upande wangu: hii ni kitu safi. Unene wake umetoka kiwandani, hauwezi kupaka nyembamba hapa na nzito pale. Hauhitaji kungoja ikauke siku mbili kabla ya kuendelea. Lakini haivuji katikati ya shuka, inavuja kwa maungio. Kila shuka lazima ilalie mwenzake angalau sentimita tano, gundi ijae bila mapovu, na kona zinataka vipande maalum vilivyoundwa kama kona, na tundu la maji linataka kikombe chake chenye ukingo wa kubandikia shuka. Mimi nilipata shuka. Kona sikupata, kikombe sikupata. Muuzaji akaniambia, "Hapo kwa kona weka tu silikoni, bro." Hapo ndipo nilitoka dukani. Ukipata seti nzima, nunua, nakupigia saluti. Nusu seti ni hasara yenye risiti.

Ya pili ni rabba ya ndoo, ile inakuja ikiwa imeshachanganywa, unafungua unapaka kama rangi. Video fupi zote zinaipenda kwa sababu inapiga picha vizuri. Kuna za maana kweli. Lakini inakauka kwa kupoteza maji hewani, na bafu yetu ina dirisha la ukubwa wa daftari, na huu ni mwezi wa Julai, Ruiru, baridi ya kuvaa soksi mbili. Ukipaka nzito inafunga ngozi juu na kubaki mbichi chini. Ukipaka nyembamba hujafanya kitu. Na ndoo nyingi kwenye rafu hizo ni rangi za paa, hazikutengenezwa kukaa chini ya taili hata siku moja. Geuza ndoo usome. Kama ni ya kazi hii itasema wazi ni ya chini ya taili, na nyingi za maana zitataja EN 14891, ambayo ni kanuni ya Ulaya ya dawa za kupaka chini ya taili, au A118.10 ya Marekani. Kama ndoo imeandikwa tu "Super" na picha ya tone la maji, rudisha.

Ya tatu ndiyo niliyochagua. Ni simiti inayonyumbulika, ya vitu viwili: mfuko wa unga na mtungi wa maji meupe kama maziwa, ambayo ni plastiki iliyoyeyushwa. Unachanganya, unapaka kwa brashi nene. Inashika ukuta wa simiti kwa sababu nayo ni simiti, na gundi ya taili inaishika bila maneno. Inakomaa kwa kujigeuza yenyewe na unga wake, kwa hivyo baridi inaichelewesha lakini haigandi juu tu. Na ikishakomaa inanyumbuka, ule ufa wa unywele unaweza kutokea chini yake na yenyewe isikatike.

Kazi yake sio ya sifa. Kwanza mteremko, tena mteremko unakuja chini ya utando, sio juu yake, karibu sentimita mbili kwa kila mita kuelekea tundu. Usipofanya hivyo maji yatakayopita kwenye grauti yatakaa chini ya taili yakinuka mpaka uzee. Halafu unalowesha ukuta kidogo, unapaka mkono wa kwanza, na kwa kila kona na kuzunguka kila bomba unazamisha utepe wa nyuzi ndani ya dawa ikiwa bado mbichi. Usiruke kona moja. Kona ndiyo bafu yenyewe, pale katikati ya ukuta hata mimi ningebahatisha. Ukingoja mkono wa kwanza ushike, unapaka wa pili ukivuka, kama wa kwanza ulienda juu na chini basi huu unaenda kushoto na kulia. Hivyo utaona ulipoacha. Zote mbili zikikauka ziwe karibu milimita mbili. Kwangu, bafu ya sentimita 90 kwa 120, kuta tatu hadi mita mbili, ni kama mita saba za mraba, na ilinila karibu kilo 25. Ukiona umebakisha nusu ya mfuko, usifurahi, umepaka nyembamba.

Ubaya wake upo na nitausema. Ukishachanganya haikungoji, inaanza kukaza ukiwa bado unatafuta brashi. Na kila mtu hapa nyumbani alinishauri niongeze maji kidogo ndio itoshe. Kila mtu! Hata aliyeleta chai. Vipimo vya mfuko sio mapendekezo. Kama unachanganya nusu, tumia mizani, sio macho.

Lakini sikuichagua kwa sababu ya hayo yote. Hizi njia tatu, zikifanywa vizuri, zote zinazuia maji. Niliichagua kwa sababu vitu vyake vyote vilipatikana, mkono wangu uliweza kona zake, na mwisho nikaweza kuijaribu mbele ya mathe. Na hili la kujaribu ndilo nililokuja kugombania leo, mengine yalikuwa utangulizi.

Juzi nikitafuta tepu ya kupimia nilikuta daftari ya hesabu ya ujenzi. Nikaangalia ukurasa wa bafu ya juu. Fundi alikuwa ameandika kwa mwandiko wake: taili, gundi, grauti, dawa ya maji. Huo mstari wa mwisho ulikuwa umekatwa kwa kalamu nyekundu. Fundi hana kalamu nyekundu. Mathe ndiye ako nayo, ya kuandika madeni ya wateja.

Nikashuka nikamwonyesha. Akaangalia kwa muda. Akasema, "Nilidhani ananiibia."

Sikuwa na la kujibu, kwa sababu yuko sawa kudhani hivyo. Amejenga nyumba nzima akiibiwa. Simiti ilipungua, misumari ikapungua, lori la mchanga likaja nusu. Taili anaiona, anaihesabu, anaigonga kwa kidole. Utando unafichwa siku mbili baada ya kupakwa na hakuna atakayeuona tena. Fundi analipwa kwa mita ya taili, sio kwa mita ya kitu kisichoonekana, kwa hivyo mwenye nyumba akikata huo mstari, fundi hapigani. Anajua kitakachotokea, ananyamaza, anaweka unga wa pakiti ndio aseme aliweka kitu. Ndio maana nasema fundi wako anajua. Na ndio maana siwezi kumtupia yeye mzigo wote na kuacha meza yetu ikiwa safi.

Sasa sikiza dawa ya hiyo shida, na haiuzwi dukani. Ziba tundu la maji, kwa mpira wa kupuliza ama kwa kitambaa ndani ya karatasi ya nailoni iliyobanwa vizuri. Weka kizingiti mlangoni. Jaza maji sentimita tano juu ya utando uliokomaa siku zile mfuko umesema. Chora mstari kwa chaki pale maji yamefika. Ngoja saa 24. Shuka chini uangalie dari. Hakuna taili inayobandikwa kabla ya hapo, hata moja, hata ile ya kujaribu rangi. Mtu ambaye hajui kusoma, hajui kemia, hajui EN ngapi, anaweza kusimamia hilo jaribio. Mathe anaweza. Shosho wako anaweza. Mstari ukishuka kama milimita moja hivi, hiyo ni hewa imekunywa. Ukishuka kidole kizima, kuna mahali mtu alidanganya, na bado unaweza kupaka tena kwa bei ya brashi.

Mafundi wanachukia hili jaribio. Utaambiwa "tutapoteza siku mbili." Utaambiwa "slabu itaharibika," eti slabu ya bafu itaharibiwa na maji ya siku moja, na bafu ni ya kazi gani? Fundi akikataa, mlipe siku yake vizuri, umshukuru, aende. Akikubali bila kulalamika, mpe na bafu ya chini.

Na wewe uko kwa bedsita ya kupanga unasoma hii ukicheka kwa sababu sio nyumba yako: angalia dari yako. Kama ina ramani, piga picha yenye tarehe umtumie landlodi, na ile ndoo ya silikoni ya keateka isikuzubaishe. Na kama bomba linakudunga unapooga, zima shawa kwa swichi kubwa leo, oga kwa beseni, mpaka fundi wa stima afungue na aguse ethi kwa mkono wake. Hapo sina utani.

Maji niliyajaza jana saa nne asubuhi. Mathe alinisaidia kubeba ndoo, akachora mstari wa chaki yeye mwenyewe, na kalamu nyekundu pembeni kuandika saa. Usiku ameamka mara tatu. Nilisikia ngazi, nikaona mwanga wa simu ukipita chini ya mlango, kisha ukimya, kisha ngazi tena kuelekea sebuleni kuangalia dari. Saa hii ni saa tatu na dakika arobaini. Amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai, na anataka kujua kama dakika ishirini zilizobaki lazima zihesabiwe. Nimemwambia lazima.